Ndege Waliolazwa Juani

Mwaka ule ndege wa baharini waitwao appaliarsuk walifika tarehe kumi ya Mei, na Naduk aliwasikia kabla hajawaona. Alikuwa anaosha vyombo. Aliyaacha maji yakimwagika, akatoka na aproni yake, akasimama mlangoni akiitazama barafu ya ghuba mpaka lile wingu jeusi lilipogeuka ubavu na kuwa jeupe, kisha jeusi tena. Vindege vyenyewe, ukimshika mmoja, hazidi ngumi ya mtu mzima. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, mdomo mfupi, shingo kama hakuna. Lakini hawaji mmoja mmoja wala mia mia. Wanakuja kwa mamilioni, wanatua kwenye miteremko ya mawe nyuma ya kijiji na pwani yote ile, wanaanza kugombania mashimo kwa kelele ambayo mgeni huidhani ni vicheko vya walevi. Kwa miezi mitatu hakuna anayelala vizuri, na hakuna anayelalamika.

"Wenye nyumba wamefika," alisema jirani yake Savfak, bibi wa miaka themanini na mmoja, ambaye naye alikuwa ametoka nje na soksi.

"Wamefika, bibi. Na mwaka huu nitaijaza ngozi nzima ya sili peke yangu."

"Kwa goti lipi?"

"Hilihili unaloliona."

"Hilo goti ninaloliona lilishindwa juzi kupanda ngazi ya duka."

Walicheka wote wawili. Lakini Naduk hakuwa anatania. Mumewe Inukitsoq alikufa kwa moyo miaka miwili nyuma, na tangu hapo hapakuwa na ngozi iliyojazwa ndege nyumbani mwake. Kila sherehe alikula kwenye ngozi za watu. Hakuna aliyemnyima, hakuna hata aliyewaza kumnyima, ila alichoka kuwa mtu wa kukaribishwa. Na binti yake wa pekee, Tukummeq, aliyekuwa anafanya kazi kule Ilulissat na ambaye hakuwa amekanyaga nyumbani tangu mazishi, alikuwa amepiga simu kusema atakuja majira ya baridi. "Mama, mimi nataka kitu kimoja tu," alisema. "Nataka kiviaq ya mikono yako." Kiviaq ndiyo ngozi hiyo, ikishalazwa miezi chini ya mawe mpaka ndege wakakomaa ndani yake, wakaliwa bila kupikwa.

Basi Julai ilipoingia, Naduk alipanda kwenye boti ya shemeji yake Ussaqaq, kaka mkubwa wa marehemu, wakaenda mwendo wa saa moja hadi kwenye mteremko ambao ukoo wa Inukitsoq umetegea tangu zamani. Ussaqaq alikuwa na miaka sitini na tisa na sauti ya mtu anayeongea na watu walio ng'ambo. Mkarimu alikuwa, hilo halina ubishi. Sili aliyetoa ngozi ile alimvua yeye, akampa Naduk ikiwa imechunwa nzima, shahamu yake nene bado ndani, wala hakutaka shukrani. Ubaya wake ulikuwa mmoja. Mambo makubwa aliyafanya vizuri sana, ya nyangumi na ya dubu, na madogo aliyafanya nusu, huku anaongea.

Kutega ni kazi ya mambo madogo. Mtu anaketi nyuma ya kiukuta cha mawe kilichojengwa na waliomtangulia, wavu wenye mpini mrefu umelala mapajani, anasubiri. Kundi linazunguka juu ya bahari, linarudi, linapita juu, linazunguka tena, na katika mzunguko wa nne au wa tano linashuka chini kabisa, linapita usoni. Hapo huwapigi. Unauinua tu wavu ukauweka njiani mwao, wanaingia wenyewe. Kisha mkono ndani, mabawa unayapishanisha mgongoni, kidole gumba unakikandamiza chini ya kifua penye moyo, unahesabu mpaka tano. Wakati mwingine koo la ndege linakuwa limefura, na ukilibonyeza linatoka rojo jekundu la vijidudu vya baharini, chakula cha kinda linalongoja chini ya mawe. Mmoja tu analelewa kila mwaka, yai moja, kinda moja. Kwa hiyo Naduk, kila alipobonyeza koo lililojaa, alijua kabisa anachokifanya. Hamwombi ndege radhi. Lakini ndege yule analiwa mzima, moyo na utumbo na mifupa laini, yanabaki manyoya, na mtu atakayemwacha aharibike bure hana la kujitetea.

Siku nne alikaa pale. Goti lilivimba tangu siku ya pili. Aliwapanga ndege wake kwenye kivuli, tumbo juu, mmoja pembeni ya mwenzake, wapoe kabisa, maana ndege mwenye joto akiingia kwenye ngozi anawaharibu wote. Walipofika mia nne akawashindilia ndani ya ngozi ya sili, manyoya na yote. Ussaqaq akapanda juu na viatu vyake, akaikanyagakanyaga mpaka pumzi yote ikatoka, huku akiimba. Naduk akashona kwa mkono wake, mshono wa karibukaribu, na juu ya mshono akapaka shahamu nene ili nzi wasipate pa kuanzia.

Ikabaki kuilaza. Mahali pa kuilaza panajulikana: nyuma ya lile jabali kubwa, upande wa kaskazini, hatua mia mbili juu, ambako jua halifiki hata miezi ile ambayo halizami. Pale inafunikwa kwa mawe, inaachwa. Naduk alijaribu kuinua upande mmoja wa ngozi, goti likamkatalia.

"Shuka, shemeji, shuka," alisema Ussaqaq. "Wenzetu wana boti inarudi sasa hivi, panda uende ukaliloweke hilo goti. Mimi nitailaza."

"Kule juu, nyuma ya jabali."

"Unanifundisha? Nimelaza ngozi kabla wewe hujazaliwa!"

"Ulikuwa na miaka kumi na moja nilipozaliwa."

"Nilianza mapema!"

Akacheka, naye Naduk akacheka, akashuka.

Siku tisa baadaye goti lilipotulia alirudi na Ussaqaq kuchukua hema. Boti haijafungwa vizuri, akaona. Hatua kumi na tano kutoka maji yalipoishia, upande wa kusini wa mwamba, kulikuwa na rundo jipya la mawe. Alilitazama kwa muda. Alijiambia labda ni la mtu mwingine. Akalisogelea, akaweka kiganja juu ya jiwe. Lilikuwa na joto kama kikombe kilichotoka kumwagwa chai. Akaondoa jiwe moja, akaondoa la pili. Shahamu aliyoipaka kwenye mshono ilikuwa imeyeyuka ikachuruzika, nzi wamejaa, na ngozi iliyokuwa imebanwa mpaka ikawa bapa ilikuwa imevimba.

Hapo damu ilimchemka mpaka masikio yakawa yanavuma. Siku nne za goti. Ndege mia nne, makoo yaliyojaa chakula cha watoto. Na mtu mzima mwenye akili zake ameona hatua mia mbili ni nyingi, akaitupa ngozi ya mwenzake pale karibu na boti, akaenda zake kunywa kahawa!

Sasa lazima niseme jambo kuhusu watu hawa. Kwao mtu mzima hapandishi sauti. Kukasirika ni kwa mtoto mdogo, na mtoto mwenyewe akikasirika anatazamwa kwa huruma mpaka yaishe. Mkubwa akifoka, watu wanainamisha macho, wanainuka mmoja mmoja, wanatoka, na kwa miaka watamkumbuka kwa siku ile. Mwenye neno zito analisema kwa mzaha, huku anacheka, na aliyeambiwa anacheka pia, na kama ana akili anaenda kurekebisha. Adabu hiyo imewaokoa wengi waliofungiwa na dhoruba wiki nzima ndani ya nyumba moja. Mimi siibezi. Lakini nimeiona pia ikitumiwa na wavivu kama blanketi.

Naduk alirudisha mawe. Akajikaza. Akautengeneza uso wake.

"Shemeji," alisema, akicheka, "naona ndege wangu umewaleta ufukweni waote jua."

Ussaqaq, aliyekuwa anakunja hema, alicheka kwa sauti. "Waliniomba wenyewe! Walisema kule nyuma ya jabali kuna baridi."

"Mawe yana joto kidogo."

"Jua la hapa linamchoma nani? Mimi linanipiga mwaka wa sitini na tisa huu, hata pua halijanibabua."

"Na ngozi imejaajaa, kama imeshiba."

"Basi ni ngozi nzuri hiyo. Usijali, shemeji, kesho nitakuja niihamishe."

Kesho yake nyangumi wenye pembe walionekana kwenye mdomo wa ghuba, na wanaume wote wakaondoka na kayaki. Wiki iliyofuata Naduk alimkuta dukani. "Shemeji, ndege wangu bado wanaota jua?" aliuliza, tena kwa kicheko. "Wameshaiva pande zote!" alijibu Ussaqaq, na duka zima likaangua kicheko, yeye Naduk akacheka kuliko wote. Alitoka na mfuko wake wa unga, akafika nyumbani, akaupiga ukuta wa jikoni kwa ngumi mpaka sahani zikalia.

Agosti ndege waliondoka. Wao huondoka kwa namna yao: mama anatangulia, baba ndiye anayebaki na kinda, anashuka nalo mpaka baharini, anaogelea nalo kwa wiki nyingi. Siku moja kelele zilikuwepo, siku ya pili hazipo, na ukimya ulikuwa mkubwa mno. Naduk alikaa ndani ya ukimya ule na hasira yake. Alimchukia Ussaqaq alivyotembea. Alichukia alivyokohoa. Alipomletea kipande cha ngozi ya nyangumi, chakula kizuri kuliko vyote, alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akala, na kila alipotafuna alizidi kukasirika.

Ngozi yenyewe aliamua haitaliwa. Mama yake alimsimulia habari za watu wawili wa ng'ambo ya ghuba, zamani, waliokula ngozi iliyopigwa na jua. Harufu haikuwa mbaya, ladha haikuwa mbaya. Siku ya pili kope zao zikakataa kufunguka, ulimi ukawa mzito, kisha kifua kikaacha kupanda, na wakati wote huo akili zao zilikuwa timamu, wanawasikia watu wanaowalilia. Alipokumbuka hayo Naduk alijua la kufanya, na lilikuwa jepesi. Angeiacha palepale chini ya mawe. Msimu wa baridi ukifika na mtu akiuliza, angesema mbweha wameila. Hakuna angeaibika.

Oktoba Tukummeq alipiga simu. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

"Nakuja Februari, mama, nikae huko mpaka nikaribie kujifungua. Kiviaq yangu ipo?"

"Mbweha wamekuwa wengi mwaka huu," alisema Naduk.

Februari, wiki ile ambayo jua linarudi na watu wanasimama nje wamevua kofia kulitazama, helikopta ilimleta Tukummeq akiwa na tumbo la miezi saba, amenenepa mashavu, anacheka na kila mtu. Na Jumamosi ya wiki hiyohiyo Ussaqaq alitimiza miaka sabini. Aliwaita watu wote wa kijiji, arobaini kasoro, saa nane mchana, kwenye banda lake la boti, kwa kuwa sherehe yenye harufu haifanywi sebuleni.

Naduk na binti yake walichelewa kidogo. Walipofungua mlango, joto la jiko na harufu viliwapokea pamoja, harufu kali ya jibini lililokomaa, na Tukummeq akafumba macho kwa furaha.

Katikati ya banda, juu ya turubai, ilikuwa imelala ngozi ya sili. Naduk aliutambua mshono wake kabla ya kitu kingine chochote.

"Shangwe!" alipiga kelele Ussaqaq. "Shemeji, usinitazame hivyo! Nasikia ulimwambia mwanao mbweha wameila. Mbweha gani? Nimepita kule na sleji ya mbwa Jumatano, rundo liko salama, hata jiwe moja halijaguswa. Nimekuletea ndege wako, mwanao ale. Siku mbili inayeyuka hapa kando ya jiko." Akawageukia watu. "Mjane huyu na goti bovu, mia nne peke yake! Semeni kama kuna mwingine!"

Watu walimshangilia Naduk. Alisimama pale, glavu bado mikononi. Savfak alikuwa ameketi kwenye kreti karibu na ngozi, na kwa kuwa ndiye mkubwa alipewa ainuse kwanza. Aliinama, akavuta pumzi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Safi. Imekomaa vizuri sana."

Naduk alivuta pumzi naye. Ilinukia vizuri, kweli. Uvimbe ulikuwa umekwisha kwa baridi, ngozi imelala kama ngozi yoyote. Labda alikosea. Labda ni siku chache tu za jua, halafu baridi ikaokoa. Kama atasema na ngozi ni nzima, amemwaibisha mwenye nyumba siku ya miaka yake sabini, mbele ya kijiji kizima, kwa zawadi ambayo mtu kaendesha mbwa siku nzima kumletea. Atakuwa yule mwanamke aliyefoka, hadi kufa kwake.

Ussaqaq alipasua mshono, akatia mkono, akatoa ndege wa kwanza, mweusi na mweupe, manyoya yamelowa mafuta. "Kwanza mama mjamzito," alisema, akamkabidhi Tukummeq. Wengine wakachukua wao, wakaanza kuwanyonyoa.

"Ngojeni kwanza!" alisema Naduk, akicheka. "Mbona hatujanywa kahawa?"

"Kahawa baadaye, Naduk, njaa inauma," alisema mtu.

"Tukummeq, mwanangu, daktari hakukukataza vitu vikali?" Bado anacheka. "Huyo mtoto atazaliwa ananuka!"

Banda likalipuka kwa vicheko. "Na wewe ulizaliwa unanuka nini, mama? Maua?" alisema Tukummeq. Alikuwa anamnyonyoa ndege wake kwa haraka, manyoya yanaanguka kwenye tumbo lake.

"Shemeji," Naduk alimgeukia Ussaqaq, mashavu yanamuuma kwa kulazimisha tabasamu, "unakumbuka hawa walikuwa wanaota jua? Wasije wakawa wameungua!"

"Walioungua nitawala mimi!" alijibu Ussaqaq, na kila mtu akacheka tena.

Tukummeq alimaliza kunyonyoa kifua. Alimshika ndege kwa vidole viwili, akafungua mdomo.

"USILE!"

Sauti ile hakuijua mwenyewe. Alivuka turubai kwa hatua mbili, goti na yote, akampiga mwanawe mkononi, ndege akaruka, akagonga ubavu wa boti, akaanguka sakafuni. Akamgeukia aliyekuwa karibu, akamnyang'anya wake. Akamfuata mwingine.

"Wekeni chini! Wote! Imelala juani, ngozi hii, siku tisa nilizoziona kwa macho yangu, na sijui ngapi zaidi! Ilikuwa imevimba! Nzi walikuwa juu yake! Na huyu," alimnyooshea kidole Ussaqaq, jambo ambalo baadhi ya watu pale hawakuwahi kuliona likifanywa, "huyu mvivu, mwenye mdomo mkubwa, aliona hatua mia mbili ni mbali! Ndege mia nne! Nimewashika mmoja mmoja kwa mkono huu! Umewaua mara mbili, na sasa unataka kuniulia mwanangu na mjukuu wangu kwa uvivu wako, na kila nikikuambia unachekacheka!"

Alijisikia vibaya na alijisikia vizuri, na hasira haikupungua hata kidogo kwa kutoka.

Ikawa kama ilivyo kawaida yao. Macho yakainama. Mtu mmoja akamlaza ndege wake kwenye turubai taratibu, kana kwamba amelala usingizi, akajifuta mikono, akachukua koti. Mwingine akamfuata. Mlango ulifunguka na kufungika, ukafunguka na kufungika, baridi ikaingia kila mara. Mwisho banda likabaki na jiko, boti, ngozi iliyopasuliwa, na watu wanne: Ussaqaq, Tukummeq, Naduk, na Savfak aliyekuwa bado kwenye kreti yake kwa sababu haachi kiti haraka.

Ussaqaq alikuwa amesimama na mikono yenye mafuta imening'inia. Uso wake mkubwa ulikuwa mwekundu, kisha ukapauka.

"Ilikuwa imevimba?"

"Nilikuambia! Nilisema imejaajaa, kama imeshiba! Nilikuambia palepale, na nikakuambia tena dukani!"

"Uliniambia huku unacheka, shemeji."

"Ulitaka nifanyeje?"

"Hivi," alisema Ussaqaq. Aliongea polepole, na kwa mara ya kwanza tangu Naduk amjue, kwa sauti ndogo. "Hivi ulivyofanya sasa. Kama ungenifokea hivi Julai ningeibeba mgongoni usiku uleule, au ningeitupa baharini. Nilidhani unanitania. Nimekupenda kwa utani wako. Jumatano nilikuwa nakwenda kule na mbwa, njia nzima najiambia, leo nitamfurahisha yule."

"Usinitwishe mimi! Nani aliyeilaza juani?"

"Mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyeilaza."

Aliinama, akakusanya ndege waliotupwa hapa na pale, akawarudisha ndani, akaikunja turubai juu ya ngozi. Alikataa kusaidiwa, ingawa hakuna aliyejitolea. Akaiburuta mzee yule mwenye miaka sabini kamili, hatua kwa hatua, mpaka nje, na wakamsikia akiwafukuza mbwa wasiisogelee, kisha mlio wa turubai juu ya theluji ukielekea kwenye ufa wa barafu.

Tukummeq alikuwa ameketi kwenye ukingo wa boti. Alama nyekundu ya kofi ilikuwa mkononi mwake. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa baba yake alipokuwa anapiga hesabu ya barafu nyembamba.

"Mama."

"Nini?"

"Ulijua tangu Julai. Ukanidanganya habari za mbweha."

"Ningesemaje? Ningemwaibisha…"

"Sawa. Nimeelewa." Aliyapangusa manyoya kwenye tumbo lake, moja baada ya jingine. "Tulipoingia, bibi Savfak alikuwa ameshanusa. Watu walikuwa wanachukua ndege wao. Wewe ulikuwa unacheka, unasema habari za kahawa. Hukupiga kelele mpaka ndege alipokaribia mdomo wangu."

"Nilipiga kelele! Nimemaliza sherehe ya mtu! Hakuna atakayeniangalia usoni mwaka mzima!"

"Ninachouliza ni hiki. Tuseme mimi sikuja nyumbani, leo niko Ilulissat. Ungepiga kelele?"

Naduk alifungua mdomo kusema ndiyo, tena kwa ukali, maana hasira ilikuwa bado imemjaa na alitaka mtu wa kuimwagia. Akaufumba. Akamtazama Tukummeq, kisha akatazama kando.

Savfak alikuwa hajasogea kwenye kreti yake. Ndege wake alikuwa bado mkononi, amenyonyolewa kifua chote, ameshawekwa tayari. Naye alikuwa ameinua uso, anamtazama Naduk, anangoja jibu.